Kabla hujanunua Metropolis, usidanganywe na usafi wa picha

Nimeinunua Metropolis mara nne. Sio kwamba nina mapenzi ya kupitiliza na filamu bubu, hapana, ni kwamba kila nilipoinunua niliamini ndo mwisho, nimepata yenyewe, alafu nakuja kugundua nimeshakaa kwenye kochi, taa nimezima, diski imeshaanza kuzunguka, kwamba bado. Mara ya kwanza nilipigwa kabisa. Ya pili nilicheka. Ya tatu nilipata kitu kizuri sana ila kina matundu. Ya nne ndo hii iliyoko kwenye rafu sa hivi, siuzi na siazimishi, maana kitabu na diski vikishavuka mlango havirudi, tunajuana.

Kwa hiyo kama umeona kava lenye yule roboti wa kike anang'aa ukashawishika, subiri kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi wa hii filamu nimeushtukia vya kutosha, ngoja nikuelekeze.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya Ujerumani ya Fritz Lang, hadithi ya Thea von Harbou ambaye wakati huo alikuwa mke wake, ikaonyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927. Jiji la siku zijazo. Wenye nacho wako juu kwenye maghorofa na bustani zao, wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi wanahudumia mashine kwa zamu za saa kumi, mpaka saa yao ya ukutani ina namba kumi tu. Mtoto wa bosi anaitwa Freder, anashuka huko chini kumtafuta msichana aliyemwona mara moja, Maria, na anachokutana nacho ni mashine inayolipuka na kuua watu mbele ya macho yake, akili inamruka anaiona ile mashine imegeuka domo la mungu mlafi, watu wanatupwa ndani kama kuni. Ukishaiona hiyo sehemu, sinema nyingi za miji ya kutisha zilizokuja baadaye utazitazama kwa jicho jingine, utasema kumbe hawa walichota huku.

Sasa shida yote ya kununua inaanzia mwaka huohuo wa 1927.

Siku ile ya Berlin filamu ilikuwa na urefu wa mita 4,189. Kampuni ya Ufa iliyoitengeneza ilikuwa imeingia mkataba na Paramount na MGM za Marekani, Wamarekani wakaiona ni ndefu mno, kazi ya kuipunguza akapewa mwandishi wa tamthilia anaitwa Channing Pollock, na Pollock hakupunguza tu, aliibadilisha hadithi. Wajerumani wenyewe nao baada ya miezi michache wakaitoa kwenye kumbi, ikarudi mwezi wa nane ikiwa mita 3,241. Piga hesabu, karibu robo ya filamu imekwenda. Na vile vipande havikufungiwa kabatini visubiri wajukuu, vilipotea, na kwa miaka themanini dunia nzima ilikuwa inaitazama Metropolis isiyoeleweka na inailaumu Metropolis kwamba haieleweki.

Hapo nataka tukae kidogo kwa sababu ndo kiini cha ushauri wangu wote. Kuna mvumbuzi mmoja humo ndani anaitwa Rotwang, ana nyumba ya kizamani katikati ya maghorofa, mkono mmoja hana, ameupoteza akitengeneza roboti. Kwenye diski yangu ya kwanza, Rotwang alitengeneza roboti ili ashike nafasi ya wafanyakazi. Basi. Mwanasayansi kichaa, tumewaona wengi. Lakini kwenye filamu yenyewe kuna mwanamke anaitwa Hel. Rotwang alimpenda, akaolewa na Joh Fredersen bosi wa jiji, akafa akimzaa Freder. Rotwang kamchongea sanamu kubwa la kichwa nyumbani kwake, kalifunika kwa pazia, na yule roboti anamtengeneza ili amrudishe Hel. Umeona? Ghafla sio kichaa, ni mtu ana kidonda. Na bosi anapokuja kumwomba msaada, anaomba msaada kwa mtu ambaye anamchukia kuliko wote duniani, na utaelewa kwanini kazi anayopewa Rotwang anaifanya kwa namna ya kumwangamiza bosi pamoja na jiji lake na mtoto wake.

Wamarekani walimtoa Hel wote mzima. Sababu kubwa? Jina lake kwa masikio ya Kiingereza linasikika kama jehanamu. Yani mhimili wa hadithi umeng'olewa kwa sababu ya jina. Mimi nilivyokuja kulijua hilo nilikasirika kama vile ni jana.

Kwa hiyo ukiwa dukani au unaperuzi mtandaoni, swali la kwanza sio "picha yake safi?" Swali ni "Hel yumo?"

Turudi kwenye manunuzi yangu. Diski ya kwanza niliichukua kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, kava limeandikwa toleo kamili, dakika 139. Mimi nimeshasoma mahali kwamba filamu inacheza kama saa mbili na nusu, nikasema dakika 139 hizo zinakaribia, kitakuwa kimepungua kidogo tu, labda majina ya mwisho. Nikaweka. Picha kama imepigwa kupitia maziwa, nyuso hazina macho, watu wanatembea polepole kama wako ndani ya maji, na muziki ni vipande viwili vitatu vinavyojirudia bila kujali nini kinaendelea, mtu anazama kwenye mafuriko huku nyuma kinanda kinacheza cha harusi. Na Hel hayumo.

Hapo ndo nikajifunza kwamba dakika peke yake zinaweza kukudanganya. Filamu bubu haikuwa na spidi moja, mwendeshaji wa projekta angeweza kuicheza fremu 16 kwa sekunde (fremu ni ile picha moja moja kwenye mkanda), 20, 24, hata zaidi. Mita moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu kama 52 na nusu. Zile mita 4,189 ukizicheza kwa fremu 24 unapata dakika 153 hivi. Sasa chukua mkanda uliokatwa, wenye mita 3,200 tu, ucheze taratibu kwa fremu 20, unapata dakika 140! Ndo nilichouziwa, filamu iliyokatwa robo kisha ikavutwa kama mpira mpaka ifikie urefu wa heshima. Muuzaji hakusema uongo kwenye namba, namba ilikuwa ya kweli kabisa, ila mimi sikujua inahesabu nini.

Ya pili ni ile ya 1984 ya Giorgio Moroder, yule mtu wa muziki. Hiyo nilipewa sifa na rafiki yangu mmoja mpenda muziki, akasema bwana ile ina Freddie Mercury na Bonnie Tyler humo ndani, na kweli wamo. Moroder aliipaka picha rangi, akatoa yale maandishi ya katikati, yanayokatiza picha kukuonyesha maneno, akayaweka chini ya skrini, akaongeza spidi, mwisho wake ikawa haifiki hata saa moja na nusu. Sitaki kuiponda. Ukiwa na vijana wa nyumbani ambao ukiwatajia filamu bubu wanakimbia, hiyo watakaa nayo, na Moroder naye alihangaika kutafuta vipande na picha za mnato mpaka kitu cha Hel kikarudi kidogo humo. Ila usiinunue ukidhani umenunua Metropolis. Umenunua sherehe iliyofanyika nyumbani kwa Metropolis.

Ya tatu ndo iliyonisumbua sana, kwa sababu ni nzuri kweli. Mwaka 2001 taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung ilitoa toleo lililokarabatiwa chini ya Martin Koerber, walikwenda kwenye hifadhi tofauti wakakusanya vipande vilivyo karibu zaidi na negativu halisi, yani mkanda wenyewe uliotoka kwenye kamera, wakasafisha kwa kompyuta, na pale palipopotea kitu wakaweka maandishi yanayosimulia nini kilitokea. Maneno ya filamu waliyapata kwenye kadi za ofisi ya udhibiti ya enzi hizo. Mpangilio wa matukio ukaongozwa na noti za mtunzi wa muziki Gottfried Huppertz, maana yeye kwenye karatasi zake za piano aliweka alama zaidi ya elfu moja za kuonyesha muziki huu unakwenda na tendo gani. Fikiria hilo, mtu aliandika muziki, na muziki ukaja kuwa ramani ya kuijenga upya filamu. Mwaka huohuo UNESCO wakaiingiza Metropolis kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Picha ya diski hiyo, jamani. Unaona nyuzi za shati la Freder. Dakika kama 124, nikajiambia nimefika.

Sikufika. Unaangalia kidogo, maandishi yanakuja kukueleza kwamba hapa mtu fulani alifanya hivi, unaendelea, yanakuja tena. Kuna jamaa anaitwa Georgy, mfanyakazi namba 11811, anabadilishana nguo na Freder ili Freder ashike mashine badala yake, anapewa kazi ya kwenda kwa mtu anaitwa Josaphat, anapanda gari... na ndo basi, kapotea, unasomewa tu. Kuna mpelelezi wa bosi, mrefu mwembamba, uso kama kisu, kaigiza Fritz Rasp, anatokea mara mbili tatu halafu huelewi kwanini yupo. Ni kama kusimuliwa mechi na mtu aliyeingia uwanjani kipindi cha pili.

Alafu ikaja habari ya Buenos Aires.

Mwaka 1928 msambazaji mmoja wa Ajentina anaitwa Adolfo Wilson alipeleka kwao kopi ya filamu kama ilivyokuwa kabla ya visu. Kopi ikazunguka kwenye kumbi, baadaye ikaangukia kwa mkosoaji wa filamu Manuel Peña Rodríguez, baadaye ikaenda serikalini. Sasa mikanda ya zamani ile ilikuwa ya naitreti, inashika moto vibaya sana, kwa hiyo watu wakaona ni salama kuihamishia kwenye mkanda mdogo wa milimita 16 na ule wa zamani haukubaki. Mkanda mdogo ukaishia jumba la makumbusho la filamu la Buenos Aires mwaka 1992, ukakaa kwenye rafu, na jina lake limeandikwa juu kabisa, haukufichwa. Aliyekuwa na wasiwasi ni mwanahistoria Fernando Martín Peña, kwa sababu aliwahi kusikia kwa mzee mmoja wa klabu ya sinema kwamba zamani alipoionyesha Metropolis ilibidi abonyeze mkanda kwa kidole kwa zaidi ya saa mbili usirukeruke kwenye projekta. Zaidi ya saa mbili? Filamu gani hiyo wakati Metropolis iliyojulikana wakati huo haifiki huko? Hilo tu. Miaka ikapita, hakuruhusiwa kuangalia, mpaka Paula Félix-Didier alipokuwa mkuu wa makumbusho mwaka 2008, wakafungua makopo, Hel yumo.

Mimi hiyo habari ya kidole naipenda kuliko habari yote ya kompyuta na maabara. Mtu alilalamika kidole kinauma na mwingine akasikiliza dakika.

Dakika kama 25 zikarudi. Ukarabati ukafanyika Ujerumani, kuna sehemu zikasaidiwa pia na kopi iliyopatikana Nyuzilandi, na tarehe 12 Februari 2010 ikaonyeshwa Berlin na orkesta hai, na watu wengine wakaiangalia nje kwenye geti la Brandenburg katikati ya baridi. Mwaka huohuo ikaanza kutoka kwenye DVD na Blu-ray, Kino kwa Marekani, Eureka kwa Uingereza. Hiyo ndo ya kununua. Popote ulipo, kwa kampuni yoyote, tafuta iliyotokana na ukarabati wa 2010, inacheza karibu dakika 150, na ikitajwa Buenos Aires au Ajentina nyuma ya kava basi umeshika mahali pake.

Sasa onyo, na hapa ndo watu wengi wanarudisha diski dukani.

Zile dakika 25 ni mbaya kuangalia. Sikufichi. Unakwenda vizuri na picha safi kama glasi, ghafla inaingia picha ya kijivu, ndogo kidogo kuliko nyingine, ina ukingo mweusi upande mmoja na juu, na mvua ya mistari inashuka kutoka juu mpaka chini haikatiki. Kaka yangu alipoona mara ya kwanza alichukua remoti akasimamisha, akasema diski yako ina mkwaruzo, toa tufute. Nikamwambia kaka, hiyo mikwaruzo haiko kwenye diski, hiyo ni ya kabla sisi hatujazaliwa.

Na ni kweli. Ile kopi ya milimita 35 ilikuwa imeshachezwa miaka na miaka kwenye projekta za kila aina, imejaa mafuta na michubuko, na walipoihamishia kwenye mkanda mdogo hawakuisafisha kwanza, kwa hiyo walichokifanya ni kupiga picha ya mikwaruzo. Mkwaruzo ulioko juu ya mkanda unaweza kuuosha au kuujaza, mkwaruzo uliopigwa picha umeshakuwa sehemu ya picha, sawa na pua ya mwigizaji. Kompyuta nayo ina mipaka yake. Kidoa kikitokea kwenye fremu moja, inaazima kutoka fremu ya kabla na ya baada, inaziba. Lakini mstari ukisimama mahali palepale fremu mia tatu mfululizo, itaazima wapi? Hakuna fremu iliyopona. Wangeweza kuubuni uso mpya pale katikati, lakini ungekuwa uso wa kompyuta na sio wa Fritz Rasp. Ule ukingo mweusi nao una maana, wakati wa kuhamisha walikata sehemu ya fremu, na hawa wakarabati badala ya kuikuza picha ijae skrini wakakuachia pengo ujue kuna kitu hakipo. Mimi naona ni ustaarabu wa hali ya juu huo.

Na kuna faida ambayo sikuitegemea, ukishazoea ile mvua, inakufundisha. Kila inapoanza kunyesha unajua hiki ndo walichokata. Baada ya muda unaanza kuona mtindo wao, wamekata urafiki, wamekata wapelelezi, wamekata mahangaiko ya watu wadogo. Georgy anapanda gari la Freder, karatasi za matangazo ya klabu ya usiku inaitwa Yoshiwara zinamwangukia kama majani, mfukoni kakuta hela ya Freder, anaangalia zile karatasi, anaangalia hela, mtu ambaye maisha yake yote amevuta mishale ya saa ya mashine, na unaiona kabisa ile nia yake njema inayeyuka. Picha yake ni mbovu mno. Ndo sehemu nzuri kuliko zote kwangu.

Kwa hiyo kati ya ile safi ya 2001 na hii yenye mvua, ukipata moja tu, chukua yenye mvua. Kaka yangu mpaka leo hakubaliani, anasema yeye analipia macho yake. Sawa.

Mambo madogo ya kuangalia kabla hujatoa hela. Eneo la diski kwanza, hili limewaumiza wengi. Blu-ray zina herufi, A ni Marekani yote ya kaskazini na kusini pamoja na Japani na sehemu kubwa ya Asia ya mashariki, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni India, China, Urusi na jirani zao. Kama mashine yako inasoma herufi moja tu, diski ya kwingine itakuletea ujumbe wa kukukatalia na hakuna cha kuiomba. Uliza kabla. DVD nazo zina namba zake, tena za mtindo wa Ulaya mara nyingi zinakimbia kidogo, asilimia nne hivi, kwa hiyo ukiona dakika zimepungua tano sita dhidi ya ulizosoma sehemu nyingine usishtuke, hicho sio kisu.

Maandishi ya katikati, kama una uchaguzi chukua yale ya Kijerumani halisi yenye tafsiri chini. Utasema hujui Kijerumani, hata mimi sijui. Ila maandishi ya hii filamu yamechorwa, yanaigiza. Wafanyakazi wanaposhushwa na lifti kwenda kwao chini, maneno nayo yanashuka. Ukiweka maandishi ya kawaida ya lugha nyingine umepoteza mwigizaji mmoja.

Muziki, hakikisha ni wa Huppertz kwa orkesta. Toleo la 2010 lina Rundfunk-Sinfonieorchester Berlin chini ya Frank Strobel, na kwa kuwa filamu yenyewe ilipangwa kwa kufuata noti zile, vinakwenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Kuna matoleo yamewekewa muziki mpya, mengine mazuri tu, lakini mara ya kwanza kuangalia usianzie huko.

Na kuwa macho na bei ya bure. Marekani filamu imeshakuwa mali ya umma tangu 1 Januari 2023, na kabla ya hapo pia iliwahi kukaa bila ulinzi wa hakimiliki tangu miaka ya hamsini mpaka sheria ikabadilika miaka ya tisini, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kurudufu alitoa Metropolis yake. Nyingi zinafanana na ile yangu ya kwanza. Kava zuri lisikuroge, wote wanaweka roboti mbele.

Ukishaifikisha nyumbani usiiweke ukacheza tu, ingia kwanza kwenye setingi za TV. Hii nasisitiza maana mimi niliharibu usiku mzima. TV za siku hizi zina kitu cha kulainisha mwendo, inatunga fremu za katikati ili mpira uonekane vizuri, kwenye filamu ya 1927 inafanya watu wateleze kama wana magurudumu, na ile mvua ya mistari inageuka uji. Zima. Kile cha kuondoa chenga nacho zima, kitakula chembechembe za mkanda na kuacha nyuso za plastiki. Ukali wa picha shusha karibu na chini kabisa. Kama TV yako ina hali ya sinema, weka hiyo kisha ukague kama vyote hivyo vimezimika, nyingine zinaacha kimoja kimewashwa kimyakimya. Na umbo la picha liache lilivyo, ni karibu mraba, kutakuwa na weusi kulia na kushoto, usivute ijae. Kaka yangu alivuta, Maria akawa mnene na maghorofa yakawa mafupi, jiji zima la kutisha likageuka mtaa wa vibanda.

Kuhusu kuangalia, dakika 150 za filamu bubu sio mchezo kwa mtu ambaye hajazoea. Bahati nzuri imegawanywa yenyewe sehemu tatu, utangulizi mrefu, kipindi cha kati, na mwisho wa kasi, na vichwa vyake vinatokea kwenye skrini. Simama baada ya utangulizi, nyosha miguu, rudi. Simu iwe chumba kingine, sio kwa ajili ya nidhamu, ni kwamba kwenye filamu ya maongezi ukiinamia simu bado unasikia, huku ukiinama umekosa neno. Na unapoangalia zile mandhari za jiji, zile ndege zinapita kati ya maghorofa, kumbuka ni vijumba vidogo vya mezani, na pale watu wanapoonekana wamesimama ndani ya jengo kubwa mara nyingi ni kioo. Eugen Schüfftan aliweka kioo mbele ya kamera kimeinama, akakwangua sehemu ya rangi ya nyuma, kwa hiyo kamera inaona kijengo kidogo kikiakisiwa na wakati huohuo inaona watu halisi kupitia sehemu iliyokwanguliwa. Hakuna kompyuta, ni wembe na uvumilivu. Na ndani ya lile vazi la roboti ni Brigitte Helm mwenyewe, huyohuyo anayeigiza Maria, kwa hiyo ukimwona roboti anainuka kwenye kiti chake taratibu vile, huyo ni msichana mzima yuko ndani anapata joto.

Kama diski yako ina ile dokumentari ya safari ya filamu, iangalie baada, sio kabla. Nilikosea hapo.

Jambo la mwisho usije ukasema nilikuficha. Hata hii ya 2010 sio yote. Kuna mahubiri ya mtawa kanisani, na kuna pale Rotwang na Fredersen wanapigana na Maria anapata nafasi ya kutoroka, hizo mbili bado zimekuja kama maandishi tu, kwa sababu kwenye mkanda wa Buenos Aires zilikuwa zimeharibika au hazipo. Juzi kaka yangu alikuja tukaangalia tena, tulipofika kwenye lile pigano ambalo halipo akasoma maandishi mpaka mwisho, akakaa kimya, akaniuliza wale wazee wawili walipiganaje. Nikamwambia sijui, hakuna aliye hai anayejua. Akasema rudisha nyuma kidogo, pale Georgy anapoangukiwa na zile karatasi kwenye gari. Pale penye mvua.